Kamanda wa Kamera

Kaka yangu anaitwa Kamanda tangu utotoni, na jina hilo hakulipata kwa ushujaa. Alilipata kwa kupenda kupanga watu mstari. Kabla ya kuoga, mstari. Kabla ya kula, mstari. Na kwa kuwa nyumbani tulikuwa watoto wawili tu, mstari wenyewe nilikuwa mimi. Nasimama koridoni peke yangu na sahani mkononi, yeye anapita mbele na nyuma akinikagua kucha, mpaka Mama atokee jikoni amwambie, "Kamanda, jeshi lako lina njaa, liache likale." Jina likaganda.

Alipokwenda ng'ambo kutafuta maisha nilidhani jeshi limevunjwa. Kumbe lilikuwa limepewa likizo tu.

Likizo iliisha siku jirani yetu wa upande wa kushoto alipoibiwa pampu ya maji. Mimi kwa upumbavu wangu nikamsimulia Kamanda kwenye simu, kama mtu anavyosimulia habari za mtaani. Haukupita muda likaja boksi. Ndani yake kamera nne nyeupe, kila moja na jicho lake jeusi na kispika kidogo tumboni. Maagizo yakafuata kwa ujumbe wa sauti, mrefu kama hotuba ya kufungua daraja: moja getini, moja ukuta wa nje, moja barazani, moja uani, pale Mama anapofulia, anapoanika na anapokaa kuota jua.

"Uani kuna nini cha kuibiwa, Kaka?" nikamuuliza. "Ndoo?"

"Mdogo wangu, usalama hausomewi shuleni. Wewe funga."

Mimi ni fundi mitambo wa kituo cha redio. Kazi yangu ni kuhakikisha sauti inakwenda hewani na haipotei njiani, kwa hiyo kupanda ngazi na kupitisha waya darini si jambo la kuniumiza kichwa. Nilizifunga zote. Ila kuziona kwenye simu yangu sikuweza, maana nywila alikuwa nayo Kamanda peke yake. Picha zilitoka uani kwetu, zikapaa juu ya vichwa vyetu, zikaenda kulala kwenye kompyuta za kampuni ambayo hata yeye hajui iko wapi, kisha zikamshukia mkononi. Sisi tuliokuwa tunalindwa hatukuona kitu, isipokuwa bando la intaneti likiyeyuka kama barafu kwenye kikaango.

Mama ni mkunga mstaafu. Nusu ya watu wa mtaa huu walipokelewa na mikono yake, na hana mazoea ya kuamrishwa na mtu ambaye yeye ndiye aliyemfunga nepi. Siku kamera zilipoanza kazi alikuwa uani, ameinama kwenye bomba anaosha miguu. Ukuta ukasema:

"Mama! Usiiname hivyo, utaumia mgongo!"

Mama hakupiga kelele. Alijiinua taratibu, akatazama huku na huku, akaona kitaa cha buluu kinamkonyeza. Akachota maji kwa kopo akakimwagia yote.

"Hiyo haiingii maji, Mama," ukuta ukasema, kwa fahari kabisa.

"Basi na iwe haitoki maneno," Mama akajibu, akainama tena kumalizia mguu wa pili.

Lakini maneno yaliendelea kutoka. Mbona geti liko wazi? Huyo mwenye kofia ni nani? Mbona nguo hazijaanuliwa na wingu limetanda? Mtu yuko ng'ambo ya bahari anatutangazia mvua iliyo juu ya vichwa vyetu. Wanakwaya wenzake Mama walikuja kumsalimu, wakakaa barazani, na katikati ya maongezi ya mambo ya wanawake watu wazima likatoka juu ya mlango neno, "Shikamooni!" Mmoja wao chai ilimmwagikia mapajani. Tangu siku ile wakawa wanampigia Mama simu awafuate wao. Fundi bomba naye alikuja kubadilisha koki, ukuta ukamwambia anakaza upande usio wake. Akazoa spana zake. Alisema amefanya kazi kwenye nyumba za kila aina, lakini nyumba ambayo kuta zinamfundisha kazi, hapana.

Kisha siku moja lori la mchanga, lililokuwa linakwenda kwa jirani anayejenga, likarudi nyuma bila kuangalia likabomoa kona ya ukuta wetu. Dereva akashuka, akatazama tofali zilizolala chini, akasema ukuta huo aliukuta umeshaanguka. Alisema hivyo vumbi likiwa bado hewani.

Nikampigia Kamanda. "Kaka, leo ndiyo siku yako. Tutolee picha ya ukuta wa nje."

Nikamsikia anabonyeza, anaguna, anabonyeza.

"Hakuna kitu," akasema. "Intaneti yenu ilikuwa imekatika."

"Kwa hiyo intaneti ikikatika kamera zinatazama tu?"

"Tatizo ni nyinyi hamfuatilii bando."

Yaani macho manne ukutani, na siku ya kuona yakafumba yote. Ukuta tukaujenga wenyewe. Lakini hasira ile haikunitoka, na wiki hiyo hiyo simu ya Mama ikatumbukia kwenye beseni la nguo. Ndani yake ndimo zilimokuwa picha za marehemu baba, zile za mwisho, amekaa barazani amevaa sweta langu kwa sababu alikuwa anasikia baridi mchana kutwa. Nilipeleka simu kwa mafundi, wakaifungua, wakaikausha, na kwa bahati tu picha zikatoka.

Kwa bahati. Neno hilo kwenye kazi yetu ni tusi. Kituoni tuliwahi kupoteza vipindi vya miaka mingi kwa sababu vyote viliwekwa kwenye diski moja, na diski hiyo ikafa asubuhi moja bila kuaga. Tangu hapo nina ugonjwa. Nikiona kitu cha thamani kimekaa mahali pamoja tu, natokwa jasho. Basi nikaamua nyumba yetu itakuwa na sava yake, kompyuta ya kututunzia kila kitu, hapo hapo nyumbani.

Ofisi ilikuwa inaondoa kompyuta za zamani. Nikachagua moja ndogo, unene na upana wake kama kamusi, aina isiyovuma wala kupata moto. Umeme inaokula ni mdogo kuliko wa taa ya koridoni. Nikaitia diski kubwa ya kuwekea picha za kamera, na diski nyingine pembeni kwa ajili ya picha za familia na nyaraka zetu. Nikaiunganisha na betri ndogo, pamoja na kamera zenyewe, ili umeme ukikatika zisizime. Nikaiweka kwenye kabati la koridoni, rafu ya juu, juu ya mashuka, nikatoboa mlango wa kabati matundu ipate kupumua.

Mama alikuja akasimama nyuma yangu, mikono kiunoni.

"Inakula nini?"

"Umeme kidogo sana, Mama."

"Inaongea?"

"Haiongei."

"Basi iache ikae."

Kazi haikuwa ya kushika na kumaliza. Kwanza, kwa kitufe kilicho nyuma ya kila kamera, nilijiwekea nywila yangu pembeni ya ile ya Kamanda, kisha nikazifungia kamera njia ya kutoka nje, zikabaki kupeleka picha kabatini tu. Sauti ya Kamanda ikakatika hapo hapo, katikati ya sentensi, alikuwa anamuuliza Mama kama amekunywa dawa. Kisha ikabidi niifundishe mashine kutofautisha mtu na kisicho mtu, ili irekodi vinavyostahili. Siku za mwanzo shuka likipigwa na upepo kwenye kamba, mashine inalizungushia mstari na kuandika "mtu". Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Mkaribishe basi," akasema, "amesimama juani tangu asubuhi." Nikaitia mipaka, hapa tazama, hapa usitazame, ikakaa sawa. Simu zetu nazo, zikifika nyumbani tu, picha zinashuka zenyewe na kuhifadhiwa. Na kwa ule ugonjwa wangu, kila mara nilikuwa nanakili za familia kwenye diski ya tatu, naifungia kwenye droo yangu kazini. Nyumba ikiungua, kazini ipo.

Lori lile likaja tena. Safari hii lilipasua mfuniko wa mtaro mbele ya geti letu, na dereva ni yule yule, maneno yale yale, kwamba ameukuta umepasuka. Intaneti haikuwepo na umeme haukuwepo. Nikaingia ndani, nikachukua simu, nikarudi kumwonyesha lori lake, namba zake, gurudumu lake likipanda mfuniko, na yeye mwenyewe akichungulia dirishani na kusonya. Alitazama mpaka mwisho. Kisha akasema, "Dada, kesho naleta saruji," na kweli akaileta.

Nilipomweleza Kamanda, unajua alisema nini? "Si unaona? Nilijua nilichofanya nilipotuma zile kamera."

Nilimpa nafasi ya kuona geti na ukuta wa nje, basi. Hakuamini.

"Na uani?"

"Uani ni kwa Mama."

"Mnanificha nini?"

"Tunakuficha nguo za ndani, Kaka. Ndizo zinazoanikwa uani."

"Hicho kikopo chako kabatini ndicho unakiita sava? Mimi nimefanya kazi kwenye kampuni kubwa, nimeona sava kwa macho yangu. Sava ni chumba kizima! Ina kiyoyozi, ina mlango wa chuma. Wewe umeweka kikopo juu ya mashuka unajiona mhandisi."

Kamanda alikuwa ametuambia kwamba huko aliko ni meneja wa mifumo. Mifumo gani, hakuwahi kufafanua, na sisi hatukuwahi kumbana. Alisema atakuja mwenyewe kukagua. Nikadhani ni domo tu.

Lakini alikuja. Mama alikuwa jikoni na mimi nilikuwa namenya viazi, simu yangu ikalia kwamba kuna mtu getini. Mama akaichukua, akaisogeza mbali na macho yake.

"Nani huyu bonge anayevuta sanduku? Mwambie hatununui kitu."

Nikachungulia. "Mama. Ni mwanao."

Akatazama tena, muda mrefu zaidi, kisha akaweka simu mezani polepole. "Mbona amezeeka hivyo," akasema kwa sauti ya chini, akatoka mbio kufungua geti, kandambili mguu mmoja.

Siku ya kwanza ilikuwa machozi na kukumbatiana, na mimi pia nililia, sitakataa. Siku ya pili alipanda kiti, akafungua kabati la koridoni. Akakitazama kikopo changu kama daktari anavyotazama jipu. Akagusa waya moja, akatikisa kichwa. Akagusa nyingine, akanitazama mimi, akatikisa kichwa. Alipoona kimetulia, hakivumi wala hakina moto, akaniuliza kama kimewashwa.

Jioni akarudi kutoka mjini na teksi, na ndani ya teksi kulikuwa na mashine ambayo yeye na dereva waliishusha kwa kushikana mikono, kama watu wanaobeba mgonjwa. Ni sava ya ofisi iliyostaafishwa, aliinunua kwa muuza vyuma chakavu vya kompyuta. Waliiweka sebuleni kwa sababu hapakuwa na pengine pa kuenea. Alipoiwasha, ilivuma kama mashine ya kusaga. Pazia lilicheza. Mama, aliyekuwa anasikiliza redio, aliongeza sauti mara moja, akaongeza tena, kisha akaizima na kukunja mikono.

"Hiyo ndiyo sava," Kamanda akapiga kelele juu ya mvumo.

"Nini?" Mama akauliza.

"Nasema hiyo ndiyo sava!"

"Eeh! Nimeisikia!"

Kwa siku chache tukaishi na ndege isiyoruka. Sebule ilipata joto mpaka tukahamia kula barazani. Umeme tuliokuwa tukitumia mwezi mzima ulianza kuisha katikati ya wiki, na kila tukiwasha pasi, swichi kuu inakatika na nyumba nzima inaingia giza. Kamanda alisema tatizo ni nyaya za nyumba ni dhaifu. Nilipokuwa kazini, bila kuniuliza, alihamisha kila kilichokuwa kwenye kikopo akakipeleka kwenye dude lake, kisha akafuta diski zangu zote mbili. Alisema alitaka kuanza upya, kwa utaratibu.

"Na betri umeiunganisha na hilo lako?" nikamuuliza.

"Betri yako ndogo haiwezi kulibeba."

"Kwa hiyo umeme ukikatika?"

"Mdogo wangu, huwa unapenda kuwaza mabaya."

Umeme ulikatika kesho yake mchana, kama unavyokatika mara kwa mara, bila ubaya na mtu. Mvumo ukashuka, ukafa. Nyumba ikawa na kimya kizuri mpaka Mama akasema, "Ahsante." Uliporudi, dude halikuwaka. Liliwasha taa nyekundu, likalia mlio mmoja wa kukera, likarudia, basi. Kamanda alilala chini kifudifudi akachomoa na kuchomeka. Akalipuliza. Akalipiga kofi ubavuni.

Nilikaa kwenye kochi nikamtazama. Mgongo wa shati lake ulikuwa umeloa.

"Picha za baba zilikuwa humo?" Mama akauliza kutoka mlangoni.

Kamanda alikuwa amekaa sakafuni katikati ya waya, mtu mzima na kitambi chake, uso umemshuka. Na mimi, nasema ukweli, nilimwacha. Nilikunywa chai yangu mpaka mwisho, nikasuuza kikombe, nikakiweka mahali pake. Kisha nikabeba mkoba nikaenda kazini, nikafungua droo, nikarudi na diski ya tatu. Nilipoichomeka na uso wa baba ukatokea na sweta langu, Kamanda alishusha pumzi kama tairi.

"Nilijua lazima ungekuwa na nakala," akasema.

Alijua! Kwani kuna kitu ambacho hajawahi kukijua baada ya kwisha kutokea?

Dude likauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma. Kikopo kikarudi kabatini, nikakipanga upya. Nilidhani sasa kaka yangu ametosheka, atakaa na mama yake siku za likizo zilizobaki, waongee. Nilijidanganya. Njia niliyoifunga ilikuwa ya kutoka nje, na yeye sasa alikuwa ndani. Simu yake ikiunganishwa na intaneti ya nyumbani inaona kamera zote nne, ya uani pia. Akakaa kwenye kochi sebuleni, miguu juu ya kiti, simu mkononi, analinda. Mimi nikipita getini ananiona kwenye simu. Mama akitoka jikoni kwenda uani, anamsindikiza kwa kidole, kutoka kamera hii mpaka ile. Kati yake na Mama palikuwa na ukuta mmoja na mlango ulio wazi.

Asubuhi moja Mama alikuwa uani anachambua mboga, amekaa kwenye kiti kifupi. Alikuwa anataka kuhamia kivulini lakini sinia limejaa mapajani. Akaita:

"Kamanda! Njoo baba unisogezee kiti."

Nilikuwa natandika kitanda, dirisha langu linatazama uani. Nikasubiri kusikia hatua zake. Badala yake nikasikia ukuta:

"Mama, sogea kushoto kidogo tu, kuna kivuli hapo nyuma yako. Nakuona."

Mama aliacha kuchambua. Hakutazama kamera. Alitazama mlango wa sebule uliokuwa wazi, ambapo nyayo za mwanawe zilikuwa zinaonekana kabisa, zimekaa juu ya kiti. Akaweka sinia chini kwenye vumbi, jambo ambalo hajawahi kulifanya maisha yake yote, akainuka, akaingia ndani. Nikamfuata mbio, nikidhani atampiga.

Hakumpiga. Alichukua simu mkononi mwake, kama alivyokuwa anamnyang'anya panga alipokuwa mdogo, akanipa mimi. Kisha akakaa kando yake kwenye kochi.

"Huko kazini kwako," akasema, "wewe unakaa wapi?"

"Kazini ofisini, Mama."

"Ofisi gani? Mimi nimezalisha wanawake waliokuwa wananidanganya tarehe. Kaa vizuri unijibu."

Kamanda akatazama mikono yake.

"Ghalani," akasema mwishowe. "Napanga maboksi. Sisi tunapanga, magari yanachukua."

"Na mifumo?"

"Kuna kamera juu ya kila rafu. Ukisimama, inahesabu umesimama. Ukikawia chooni, jina lako linatokea kwenye kioo kikubwa, wenzako wote wanaliona."

"Halafu?"

"Halafu msimamizi anakuita. Kwa spika. Hujui yuko wapi. Unasikia tu sauti inatoka juu."

Nje mboga zilikuwa zinanyauka juani na hakuna aliyejali.

"Kwa hiyo," akasema, "ukaona raha hiyo usile peke yako. Ukatutumia na sisi kwenye boksi."

Ningependa kusema nilimhurumia hapo. Nilimhurumia, lakini kidogo, na chini ya huruma ile kulikuwa na dharau ambayo haikutaka kuhama. Mtu anajua maumivu ya kuitwa na sauti inayotoka juu, anajua mpaka choo chake kinavyohesabiwa, halafu mapumziko yake yote anayatumia kumfanyia hivyo mama yake, na jambo hilo analiita pendo. Nilimtazama nikataka nimwambie. Mama alinizuia kwa jicho.

"Nilikuwa nataka kukuona tu," Kamanda akasema. "Huko hakuna mtu wa kumtazama."

"Nimekaa uani wiki nzima. Umenitazama kutokea wapi?"

Mama alimshika kifundo cha mkono, akamwinua, akatoka naye uani. Akamkabidhi sinia. Nikawaona kupitia dirishani wamekaa kivulini, yeye anachambua vibaya, anatupa majani mazuri na kuacha mabua, Mama anayaokota bila kusema. Nikapanda ngazi nikachomoa kamera ya uani. Hakuna aliyeniuliza naifanya nini. Ilibaki tundu moja la skrubu na alama nyeupe ukutani.

Sitadanganya kwamba alibadilika akawa malaika. Siku ya kuondoka alikuwa bado anatoa amri kutoka dirisha la teksi: matundu ya kabati niyaongeze, geti lipakwe grisi, na waya wa barazani niliupigilia kombo. Kutoka uwanja wa ndege alituma ujumbe kurudia la waya, kwa sababu alidhani sikumsikia. Nilimsikia. Waya bado uko kombo.

Baada ya siku kadhaa alipiga simu, ya sauti tupu. Mama akaiweka mezani, spika wazi, maana mikono yake ilikuwa na unga. Wakasalimiana. Kisha pakawa kimya, kimya kirefu cha mtu aliyezoea kuona na sasa hajui aanzie wapi. Nikamsikia anakohoa.

"Mama," akasema, "leo umevaa nini?"

Mama akanitazama, akafuta pua kwa kiwiko.

"Nguo," akamjibu.

Akacheka kule, cheko la kweli, ambalo sikuwa nimelisikia hata alipokuwa hapa. Kisha Mama akaanza kumweleza: ni gauni lile la maua makubwa, ndiyo, lile la zamani, mfuko umechanika, na asubuhi alikwenda kwa yule mwanakwaya wa chai mapajani, miguu inamsumbua lakini si sana, na jirani amemaliza kujenga, nyumba yenyewe imekaa upande kama mtu mwenye kiburi. Aliongea mpaka unga ukamkaukia vidoleni. Kamanda hakumkatiza hata mara moja, na hilo kwake ni kazi nzito kuliko maboksi yote.